Ndoo ya Lita 20 Haina Kazi Jikoni

Haya, tuanze. Faida za mboji mnazijua, na shimo la kuozeshea uani wengi mnalo, sina haja ya kuyarudia. Leo nazungumzia chombo cha jikoni tu, kile kinachopokea maganda kabla hayajafika shimoni. Swali lake ni lilelile kila mara: "Ndoo yangu inanuka, nitafute yenye mfuniko unaobana zaidi?"

Jamani, hapana. Mfuniko unaobana ndio unaowapikia hiyo harufu.

Tuifuate ndoo ya rangi ya lita 20, siku kwa siku. Jumatatu umemenya kilo 3 za ndizi za kupika. Theluthi ya uzito wa ndizi, au zaidi, ni ganda. Basi kilo nzima imeingia ndooni, na katika kilo hiyo zaidi ya gramu 800 ni maji. Unachungulia, ndoo kama haina kitu, unasema bado. Jumanne yanaingia maganda ya tikiti, majani ya chai, mashina ya mchicha. Bado. Jumatano, kwa joto la Dar na jiko linawaka, maganda ya chini yamelegea na kutoa maji, ya juu yanayakandamiza, hewa haipiti tena. Hapo kazi wanaishika bakteria wasiohitaji oksijeni, na hao ndio wenye harufu ya yai viza. Wewe unabana mfuniko, umewafungia mlango wafanye kazi kwa raha. Alhamisi unafungua utupie kokwa la embe: harufu yote iliyojikusanya inakupiga usoni, na nzi aliyekuwa anazunguka dirishani naye kapata nafasi. Mayai ya nzi kwenye joto hili huanguliwa kabla siku haijaisha. Ijumaa una funza, na ndoo haijafika hata nusu!

Mnaona lilipo tatizo? Ni hilo "bado". Ndoo kubwa inakupa ruhusa ya kulisema siku tano. Kopo dogo halikupi.

Kwa nyumba ya watu watano, anzeni na kopo la lita 4, ile sado mnayopimiwa maharage sokoni. Lijaribu siku 3. Likijaa siku moja au mbili, umepata kipimo chako. Lisipojaa kwa siku mbili, ni kubwa kwako, shuka hadi lita 2. Na likijaa kabla ya mchana usikimbilie ndoo, shika kisu. Ganda la ndizi zima husimama ndani ya kopo kama mwavuli, likikatwa vipande vya urefu wa vidole viwili linalala.

Namsikia mmoja huko nyuma: "Kila siku kwenda uani na kopo?" Ndiyo, kila siku. Sufuria la ugali unaliosha kila siku, mbona hujaniuliza kama lisubiri Ijumaa?

Na anayeishi ghorofa ya nne asiyekuwa na uani? Huyo namruhusu friza. Maganda yaweke ndani ya kopo lenye mfuniko, yagande hadi siku ya kuyapeleka. Humo mfuniko hauna madhara, kwenye baridi ile hakiozi kitu. Umeme ukikatika kutwa nzima, yatoe jioni hiyohiyo, usingoje yayeyukie juu ya samaki.

Sasa kutandika, maana kopo tupu halifanyi kazi. Chukua trei ya mayai ya karatasi, ichanechane, tandika chini unene wa vidole viwili. Hiyo ndiyo inayokunywa maji ya maganda. Kila ukitia maganda, nyunyiza juu yake konzi ya vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala, lililo kavu, la mbao zisizopakwa dawa wala rangi. Juu funika kwa kipande cha kanga kuukuu, kaza kwa mpira. Hewa inapita, nzi hapiti. Msitoboe mfuniko kwa msumari mkadhani mmemaliza: nzi wadogo wa matunda wana kama milimita 3 tu, na tundu la msumari wa moto kwao ni lango.

Jivu la mkaa? Najua mnalipenda, kwa sababu chooni linasaidia. Kwenye maganda, konzi moja kwa wiki inatosha. Likizidi, naitrojeni inaondoka kama amonia, unaanza kusikia harufu ya mkojo, halafu unalaumu maganda.

Naonyeshwa saa, basi nikimbie. Mdomo wa kopo uingize mkono mzima na sponji. Dumu la mafuta lenye shingo likate juu au liache. Kopo la bati litaota kutu kwa ndimu na maembe mabichi. Plastiki ni sawa, ila msiisugue kwa stilwaya: kila mchubuko unashika mafuta na harufu, na hapo sabuni haifiki. Stenlesi ni nzuri kuliko zote ukiipata. Vile vindoo vya dukani vyenye kichujio cha mkaa kwenye mfuniko vinafaa, mpaka kichujio kilowe au kichoke. Baada ya hapo umenunua kopo la bei mbaya.

Nyama, samaki, wali na mafuta visiingie kabisa, panya wanavisubiri. Machicha ya nazi kidogo kidogo, yachanganywe na vumbi la mbao, maana yana mafuta na hushikana bonge.

Habari ya minyoo, ile inayofugwa ili ile maganda na kuyageuza mboji, haitawezekana leo. Mliokuja na ndoo zenu za lita 20 msizitupe. Toboeni tundu kumi kwenye kitako na nyingine kumi ubavuni, wekeni uani juu ya matofali mawili chini ya kivuli, na mwageni humo kopo la kila siku, mkifunika kila mwago kwa majani makavu yanayozidi maganda mara mbili kwa wingi.