Medali ya Pasco, cheo cha Quilliam

Ndugu wasikilizaji, nitaanza na bendera za ishara, maana medali hii ya fedha ya John Pasco, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, haieleweki mpaka tujue yeye alisimama wapi siku ya vita.

Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar huko Hispania, Waingereza walipopigana na Wafaransa na Wahispania, Luteni John Pasco alisimamia ishara kwenye Victory, meli ya Admirali Nelson, mkuu wa meli za Uingereza. Nelson alitaka kuziambia meli zake kwamba Uingereza "ina imani" (kwa Kiingereza "confides") kila mtu atatimiza wajibu wake. Pasco akaomba waseme "inatarajia" ("expects"). Hakuwa anasahihisha lugha. Katika kitabu cha ishara cha Popham, kilichoyapa maneno namba za kupandishwa kwa bendera, neno hilo lilikuwa na namba yake, 269: bendera tatu, unazipandisha mara moja. Lile alilotaka Nelson halikuwemo. Lingetajwa herufi moja moja, mara nane, na adui ndiyo huyo anakaribia. Cha kuchekesha, "wajibu" ("duty") nalo halikuwemo, likapandishwa kwa herufi nne. Ujumbe mzima ulichukua bendera 31, mara 12.

Sasa, kwa ukongwe wa utumishi, Pasco ndiye aliyewatangulia maluteni wote wa Victory. Lakini kwa kuwa Nelson alimweka kwenye ishara, kazi ya luteni wa kwanza aliifanya John Quilliam, aliyekuwa nyuma yake kwenye orodha. Na desturi ilikuwa hii: meli ikishinda, anayepandishwa ni luteni wa kwanza. Tarehe 24 Desemba Quilliam aliruka ukamanda, cheo cha kati ya luteni na kapteni, akawa kapteni moja kwa moja. Pasco, aliyeumia vibaya mkono na ubavu wa kulia, alipewa ukamanda tu. Ukapteni aliupata 1811.

Miaka hiyo mitano na ushee si kitu kidogo. Kapteni akishaingia kwenye orodha, hapitwi na aliye nyuma yake, naye hampiti aliye mbele. Hupanda kadiri wa mbele wanavyokufa. Uhodari hauna nafasi tena hapo. Pasco alifika daraja la chini la uadmirali mwaka 1847.

Medali ya dhahabu ya Trafalgar walipewa maadmirali na makapteni. Luteni hakuipata, ila yule aliyeongoza meli. Ya fedha, ya watu wa vyeo vyote, iliidhinishwa Juni 1847, karibu miaka 42 baada ya vita, tena kwa sharti moja gumu: uwe hai, uidai mwenyewe. Quilliam alikuwa amekufa tangu 1829. Pasco aliishi hadi 1853. Kwa maoni yangu, medali hii inapima afya ya mtu kuliko ushujaa wake.

Mkiishika, tazameni mbele: kichwa cha Malkia Victoria na mwaka 1848, ingawa yeye hata hakuwa amezaliwa wakati wa Trafalgar. Utepe ni mweupe wenye kingo za buluu. Juu ya medali kuna vibao vya fedha, kila kimoja na vita yake. Jina limepigwa kwenye ukingo. Ofisa huandikwa na cheo; baharia ni jina tupu, na meli haitajwi. Hapo ndipo wanunuzi hutapeliwa: mabaharia wenye jina moja ni wengi, na kibao cha Trafalgar ni rahisi kuongezwa. Pitisheni kidole ukingoni. Palipobonyea au palipo pembamba, jina la zamani limekwanguliwa. Kisha linganisheni jina na kila kibao kwenye orodha ya waliopewa.