Bakapu Inapogoma Ofisini

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za asubuhi. Nawashukuru wahasibu na makarani mliotoka hapa hapa Mwanjelwa na Uyole, na zaidi ninyi mliopanda gari alfajiri kutoka Tukuyu na Mbozi.

Nimeombwa nizungumzie bakapu, yaani nakala za akiba za kazi zetu, zinazogoma katika ofisi ndogo. Ninayoifikiria ina kompyuta nne au tano, ruta inayoendesha mtandao wa ofisi, swichi inayounganisha waya za mtandao, na diski ya mtandao iliyokaa kabatini ikipokea kila siku nakala za hesabu, mikopo na mishahara. Asubuhi moja programu inaandika kwa wino mwekundu kwamba mahali pa kuhifadhia hapaonekani. Wengi hukimbilia kuifuta programu na kuiweka upya. Nawaomba sana msianzie hapo. Programu ndiyo iliyotoa taarifa, na ukiifuta unaweza kupoteza na kumbukumbu zake zinazoonyesha shida ilianza lini.

Maana swali la kwanza ni hilo: bakapu ilifaulu lini mara ya mwisho? Ukishapata tarehe, uliza siku iliyofuata kilitokea nini ofisini. Kwa huku kwetu, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, anza kuushuku umeme. Radi inapiga, umeme unakatika, unarudi. Ruta inawaka upya na kuanza kugawa anwani za IP, namba za kukitambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Diski iliyokuwa 192.168.1.20 sasa imepewa 192.168.1.23, na kompyuta ya mhasibu inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mpangaji ameshahama. Hakuna kilichoharibika. Ingia kwenye ruta, itengee diski anwani moja ya kudumu, kisha hiyo hiyo iandike kwenye programu ya bakapu. Ni kazi ya dakika chache, lakini nimeona ofisi zikinunua diski mpya kwa sababu haikufanywa.

Umeme una jambo la pili, na hili halisemwi vya kutosha. Ofisi nyingi za Mbeya huzima swichi kuu ya umeme jioni zikifunga, kwa hofu ya radi. Hofu hiyo ni ya haki. Radi huingia hata kwa waya wa mtandao. Lakini bakapu imepangwa saa sita usiku! Fundi aliyeipanga hakumuuliza mlinzi, na mlinzi hakuambiwa kuna kazi ya usiku. Usimlaumu mlinzi. Hamishia bakapu saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamefunga programu za hesabu, maana faili lililo wazi huweza kurukwa au kunakiliwa nusu nusu.

Kama anwani na saa viko sawa, pima njia yenyewe. Fungua dirisha la amri, andika ping, amri ya kuuliza kama kifaa kipo, na anwani ya diski. Ikijibu, shida iko juu zaidi, kwenye ruhusa ya kuingia kwenye diski. Isipojibu, nenda katazame taa za swichi ya mtandao na waya wake. Waya ule una nyuzi nane ndani. Mlango ukiubana na uzi mmoja ukakatika, mara nyingine mawasiliano hayafi. Hushuka tu kutoka Mbps (megabiti kwa sekunde) 1,000 hadi 100, kwa sababu kasi hiyo ndogo inahitaji nyuzi nne tu. Mbps 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, tena hapo hakuna kinachopungua njiani. Nakala ya gigabaiti 200 itakula zaidi ya saa nne, na mtu ataizima katikati akidhani imekwama.

Kwenye ruhusa, ulizeni kama kuna aliyebadilisha nywila. Bakapu ipewe akaunti yake yenyewe, isitumie ya karani ambaye kesho atahamishwa. Na ile herufi Z: ya diski ya mtandao unayoiona ukiwa umeingia kwenye kompyuta, kazi inayoendeshwa na mfumo wenyewe huwa haiioni, iandikieni anwani kamili ya diski.

Wenye diski za zamani, sikilizeni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai pesa, kilienea duniani kwa kupitia udhaifu katika SMB1, lugha ya zamani ya kugawana faili. Mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 ikaanza kuja bila lugha hiyo. Diski isiyojua nyingine itakataa kuonekana kwenye kompyuta mpya. Utaambiwa uiwashe SMB1. Usikubali. Sasisha programu ya diski, na kama haina toleo jipya, nunua nyingine.

Virusi vya aina hiyo hufunga kila kinachofikiwa na kompyuta, pamoja na diski ya kabatini. Kwa hiyo wekeni nakala ya pili kwenye diski inayochomolewa na kulala nje ya ofisi.

Mkishatengeneza, msiridhike na alama ya kijani. Chukueni faili la mikopo la wiki iliyopita, lirudisheni kwenye folda tofauti, lifungueni, mtafute salio la mwanachama mmoja mnayemfahamu. Akiba ya mama anayeuza ndizi Kiwira imo humo, na hana kitabu kingine cha kumtetea.

Sasa maswali. Aliyekuja na ujumbe wa kosa ameuandika kwenye karatasi, tuanze naye.