Mtu mzima naye ana chanjo zake

Haya jamani, habari za huko nyumbani? Shikamooni wazee mnaoangalia. Huku Leeds, Uingereza, saa kumi jioni giza limeshaingia, na ndio msimu ambao kliniki zinawatumia watu meseji waende wakachanjwe. Watu wazima, siyo watoto. Nilipomwambia dada yangu wa Tanga akacheka: "Mzee wa miaka sabini anachanjwa nini tena, polio?" Basi leo tuongee hilo.

Uingereza wanaangalia mambo mawili, umri wako na maradhi uliyonayo. Chanjo ya mafua makali, ukishafika miaka 65 unachomwa bure kila mwaka, maana virusi vyake vinabadilika na ya mwaka jana haikutoshi. Lakini kijana wa miaka 30 mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo naye anaitwa. Mjamzito vilevile.

Ya nimonia ni hivyohivyo. Wengi wanachomwa mara moja tu wakifika 65, ila mwenye ugonjwa sugu wa figo anarudia kila baada ya miaka mitano, na mwenye seli mundu, yaani sikoseli, pia. Hapo kwenye seli mundu naomba mnisikilize vizuri. Bandama ndiyo inayochuja bakteria wa nimonia kwenye damu, na kwa mgonjwa wa seli mundu bandama huharibika mapema, tangu utotoni. Tanzania ni kati ya nchi ambazo watoto wengi sana huzaliwa na ugonjwa huu, na siku hizi wanakua, wanaoa, wanaolewa. Kama unaye ndugu wa hivyo, akienda kliniki aulize habari ya chanjo ya nimonia. Asingoje aambiwe.

Halafu kuna mkanda wa jeshi. Kwetu mtu akiutoa, majirani wanaanza kunong'ona kuhusu ukimwi. Ni kweli kinga ikishuka mkanda unakuja kirahisi, lakini uzee peke yake unatosha kuuleta. Ile tetekuwanga uliyougua ukiwa mdogo, virusi vyake havitoki, vinalala kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, vikipata nafasi vinaamka. Mimi nafanya kazi wodini, nimeona wazee ambao vipele vimekauka zamani lakini hata shuka ikiwagusa wanaruka kwa maumivu. Huku tangu Septemba 2023 wanaotimiza miaka 65 wanapewa dozi mbili, na walio kati ya 70 na 79 nao wanapewa. Ambaye kinga yake imeshuka sana hangoji umri huo.

Wajawazito mnaoniangalia, nyinyi chanjo ya pepopunda mnaijua, mnachomwa kliniki na kadi inaandikwa. Huku wanaongeza ya kifaduro, ikianzia wiki ya 16, na tangu 2024 kuna ya virusi vya RSV kuanzia wiki ya 28, hivi vinavyobana kifua cha mtoto mchanga. Mama anachomwa, kinga inampitia mtoto tumboni. Hiyo ya RSV wanapewa na wazee wa kuanzia miaka 75.

Sasa mtaniambia, hayo ni ya Ulaya, sisi huku vipi? Sawa. Mimi ningeulizwa chanjo moja tu kwa mtu mzima wa nyumbani, ningetaja homa ya ini, aina ya B. Kwa Tanzania, chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Piga hesabu mwenyewe: kama ulizaliwa kabla ya hapo, ile ya utotoni hukuipata. Mimi nilipimwa damu nilipoajiriwa hospitali huku, nikakutwa sina kinga, nikachomwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Virusi hivi vinapita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Unaweza kukaa navyo miaka mingi huumwi popote, kumbe ini linaharibika, na mwisho unaweza kuwa saratani. Kwa hiyo anza kwa kupima. Ukikutwa navyo tayari, chanjo haikusaidii, unahitaji daktari akufuatilie, na mwenzi wako na watoto wapimwe. Ukikutwa huna, chomwa. Wauguzi, wafanya usafi wa hospitali, na wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, nyinyi msicheleweshe kabisa.

La mwisho, wanaowapeleka wazazi Hija. Chanjo ya uti wa mgongo ni lazima, na ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika Saudia, siyo mkesha wa safari. Na ile ya homa ya manjano, kadi yake tangu 2016 inatambulika maisha yote, hivyo mtu asikutoze pesa eti imeisha miaka kumi. Ila mzee aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuichoma, au mtu mwenye kinga dhaifu, asikimbilie dirishani kulipia. Aanze kwa daktari, kwa sababu ina virusi hai vilivyopunguzwa makali na kwao madhara yanaweza kuwa makubwa.

Haya, zamu yangu inaanza saa moja usiku, ngoja nikapande basi. Dada, mpeleke mama akapime ini wiki hii, nauli nimeshatuma.