Ngamia wa Hudaibiya

(Mhadhara uliotolewa baina ya Magharibi na Isha, Ngamiani, Tanga)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha jioni hii, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, yeye na aali zake na masahaba zake.

Masheikh wangu, baba zangu, mama zangu mlioko nyuma ya pazia, vijana mliokaa barazani kwa kuwa ndani kumejaa: nilikuja na maneno mengine. Nilikusudia kusema juu ya Nabii Yusuf. Lakini kabla ya Magharibi nimeletewa kikaratasi kutoka upande wa akina mama, na tangu nikisome, yale niliyoyaandaa yamenitoka. Hakina jina, na hata kingekuwa nalo nisingelitaja. Kimeandikwa hivi: "Ustadhi, nimemwomba Mungu miaka saba anijaalie mtoto. Nimefunga, nimetoa sadaka, nimehangaika hospitali. Mwaka huu mume ameoa kwingine, mimi amenirudisha kwa mama. Nilimtegemea Mungu. Nimekosea wapi?"

Naomba tukae na hayo maneno mawili ya mwisho, maana naona kosa ni letu sisi tunaopanda mimbari. Tumewafundisha watu tawakali, yaani kumtegemea Mungu, kama vile kutuma pesa kwa simu. Ukibonyeza namba sawasawa, hela inafika. Isipofika, basi umekosea namba. Ndiyo maana mtu akipata msiba juu ya msiba hukaa usiku anajipekua: nilisali vibaya? Sadaka ilikuwa ndogo? Na sisi majirani tunamwongezea. Tunaingia matangani, viatu bado viko mguuni, tumeshasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Neno ni la kweli, wala silipingi. Lakini tunalisema upesi mno, kama mtu anayemfunika mwenziwe mdomo.

Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim, alimbeba akalia. Akaulizwa, hata wewe? Akasema jicho hutoka machozi, na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mambo matatu hayo: jicho lake, moyo wake, ulimi wake. Kilichozuiwa ni kimoja tu.

Sasa, mama uliyeandika, nitakusimulia habari za mwanamke.

Bi Ummu Salama, jina lake Hind binti Abi Umayya. Yeye na mumewe Abu Salama ni katika watu wa mwanzo kusilimu. Walihamia Uhabeshi kwa ajili ya dini yao, kisha wakarudi Makka. Mateso yakawa yale yale, wakaamua kwenda Madina. Mume akampandisha juu ya ngamia, naye amempakata mtoto wao, Salama. Ndugu zake mwanamke wakasimama njiani wakaishika hatamu: wewe nenda utakako, binti yetu haendi nawe. Ndugu zake mume waliposikia nao wakaja juu: kama mnamzuia binti yenu, basi na mtoto wetu hatumwachi kwenu. Wakamvutana yule mtoto hata mkono wake ukateguka. Siku moja hiyo hiyo, mume Madina, mtoto kwa ukoo wa baba yake, na yeye karudishwa kwao.

Kila asubuhi alikuwa akitoka, akienda mahali panapoitwa Abtah, anaketi, analia mpaka jioni. Mwaka mzima, au karibu yake.

Alikosea wapi?

Baadaye jamaa yake mmoja akamwonea huruma, akawasemesha wenzake, akaachiwa, akarudishiwa mtoto. Akapanda ngamia peke yake na mwanawe. Njiani akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, naye akaushika ule ugwe wa ngamia akamsindikiza mpaka karibu na Madina, kwa adabu ambayo Bi Ummu Salama aliisifu. Vijana, hilo nalo litieni akilini: msaada wa Mungu unaweza kuja na mtu ambaye hamkuwa mkimtazamia hata kidogo.

Tungependa kisa kiishie hapo. Mume amepatikana, mtoto amepatikana. Hakikuishia hapo. Abu Salama alijeruhiwa vita vya Uhud, jeraha likaonekana limepona, kisha likafumuka, akafariki mwaka wa 4 wa Hijra. Bi Ummu Salama alikuwa amejifunza dua kwa Mtume: "Allahumma'jurni fii musibatii wakhlif lii khairan minhaa," Ewe Mola, nilipe kwa msiba wangu huu, na unipe badala iliyo bora kuliko hiki nilichokosa. Akaisema. Lakini yeye mwenyewe ametusimulia kwamba moyoni alijiuliza: ni nani katika Waislamu aliye bora kuliko Abu Salama?

Mnajua tunavyolitumia simulizi hili. Tunakimbilia mwisho wake, kwamba aliolewa na Mtume. Mimi leo nataka nibaki pale kwenye swali lake. Ulimi unasema "nipe kilicho bora," na moyo unasema "hakipo." Mwanamke huyu hakuwa amekiona kitakachokuja. Aliomba akiwa haoni inawezekanaje, na hiyo ikahesabiwa kuwa ni dua. Hakuambiwa arudi siku moyo utakapotulia.

Mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume aliona katika ndoto kwamba wanaingia Msikiti Mtukufu. Wakatoka watu wapatao 1,400, wamevaa ihramu, wanaongoza wanyama wa kuchinja. Hawakwenda kupigana, wanakwenda umra, ile ziara ya ibada ya Makka. Wale waliohama Makka, miaka sita hawajaiona, hawajaona nyumba zao. Wakafika Hudaibiya, karibu na Makka, wakazuiwa na Makurayshi, wakuu wa Makka. Ukaandikwa mkataba: mwaka huu rudini, mwakani mtaingia siku tatu. Na atakayekimbia Makurayshi kuja kwenu bila idhini ya msimamizi wake, mtamrudisha. Wino haujakauka akaja Abu Jandal anajikokota na minyororo yake, Mwislamu, naye akarudishwa mbele ya macho yao. Sayyidna Umar hakuweza kuvumilia. Akamwuliza Mtume, hukutuambia kwamba tutaifikia Nyumba, Al-Kaaba, na kuizunguka? Akajibiwa: ndiyo, lakini je, nilikuambia mwaka huu?

Mtume akawaambia: simameni, chinjeni, kisha nyoeni. Hakusimama mtu. Akasema mara ya pili, mara ya tatu. Hawa ndio masahaba, ndugu zangu, waliompa Mtume mkono wa ahadi chini ya mti siku chache tu nyuma. Walikuwa wamevunjika. Mtume akaingia hemani kwa Bi Ummu Salama, ambaye sasa ni mkewe, akamweleza.

Na huyu ndiye yule mwanamke wa Abtah. Anawajua watu waliozuiwa njiani, maana naye alizuiwa. Hakusema wana imani haba. Hakusema wahubiriwe. Alisema: toka nje, usiseme na yeyote hata neno moja mpaka umchinje ngamia wako na umwite kinyozi wako akunyoe.

Akatoka akafanya hivyo. Walipomwona wakasimama, wakachinja, wakaanza kunyoana. Na riwaya inasema walinyoana hata wakakaribia kuuana kwa huzuni. Sikilizeni vizuri hapo. Huzuni haikuwa imeondoka. Mikono ilikuwa inatii, na moyo bado unauma, vyote kwa wakati mmoja. Wale ngamia walikusudiwa kwa umra ya Makka. Wakachinjwa Hudaibiya, pale safari ilipokwamia. Wakiwa njiani kurudi ndipo ikateremka, "Hakika tumekupa ushindi ulio dhahiri." Miaka miwili baadaye wakaingia Makka watu 10,000. Lakini aliyeshika kisu siku ile hakuwa na habari hizo.

Mtaa wetu huu jina lake lina ngamia ndani yake, na wengi mnaijua ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza: nimfunge ngamia wangu kisha nitawakali, au nimwache nitawakali? Akaambiwa mfunge, kisha utawakali. Tunaihubiri sana hapa Ngamiani, nasi ni haki yetu. Ila ile inamhusu mwenye ngamia bado. Leo nazungumza na ambaye alimfunga kwa kamba mbili, na ngamia akaenda.

Nami ni mmoja wao. Nimekulia Sahare, kazi ya baba ni uvuvi. Mimi na shemeji zangu wawili tulichanga tukanunua mashua, mashine na nyavu za jarife. Tulikuwa na hesabu zetu: mwaka wa kwanza deni, mwaka wa pili nyumba ya mama. Mwezi wa saba, upepo wa kusi umepamba moto, tukaingia baharini siku ambayo wazee walitwambia tusiingie. Sisi wote tulirudi hai, alhamdulillahi. Chombo na nyavu havikurudi.

Nikakaa ndani. Mtu akija kunipa pole namwambia, "Nimemwachia Mungu." Watu wakanisifu kwa imani. Zikapita wiki, sitoki, nasali mkekani peke yangu, nakula ninacholetewa. Siku moja mama akaniwekea chai, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hiyo si tawakali. Hiyo ni kususa. Umemsusia Mungu."

Nilikasirika. Ilinichukua siku tatu kukubali. Pwani siku kusi likivuma mvuvi haingii, na hakuna anayemwita mvivu, maana utamkuta chini ya mkungu anashona nyavu. Mimi sikuwa na nyavu. Nikaenda kushona za wengine, kwa ujira. Mashua haikupatikana tena, na sitawadanganya kwamba nilipewa kubwa kuliko ile. Mpaka leo nashona.

Na wengi wenu hapa ni wajukuu wa safari iliyokwama. Babu zenu walitoka Songea, walitoka Umakonde, walitoka Burundi, wakaja kukata mkonge wakiwa manamba, vibarua wa mkataba. Nia ilikuwa wamalize mkataba, warudi kwao na mahari mkononi. Wengine hawakurudi kamwe. Miaka ya 1960 bei ya katani ikaporomoka, nyuzi za viwandani zimeingia sokoni, na mzee yuko Muheza na watoto watano. Sisemi yale mateso yalikuwa mema. Nasema babu alipoona harudi, alipanda mnazi, akachimba kisima, akamwozesha binti yake hapa hapa. Alichinja pale alipozuiwa.

Mama yangu wa kikaratasi, sikuambii kwamba mwakani utapata mume na mtoto. Sikuambii uache kulia, pale Abtah mwanamke alilia mwaka mzima au karibu yake, wala hakulaumiwa. Talaka au kurudishwa kwenu bila talaka, hilo lina sheria yake na una haki zako. Kesho asubuhi njoo na mama yako au kaka yako, tukae na kadhi, tusiliache hewani. Na usiku huu, kama moyo unakwambia hakuna kilicho bora, iseme ile dua hivyo hivyo.

Naisikia adhana ya Isha. Mwenye udhu atangulie safu za mbele. Asiye nao, maji yapo kwenye pipa, upande wa mlango mdogo. Vijana wa barazani, wapisheni wazee wapite.