Kigoga Hakikuua Nyasi Zako

Wenzangu wa bustani, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie dawa ya kuua kigoga, ule mmea laini wa kijani unaotanda chini penye unyevunyevu. Dawa nitaifikia, lakini kwanza tupige magoti.

Ndiyo, magoti. Watu hunipigia simu kutoka Limuru na Kericho wakilalamika kwamba uwanja umeingiliwa na "kitu cha kijani". Kitu gani? Kishike! Kigoga kina vijani vidogo mno, na ukikivuta kinabanduka kama kipande cha zulia, maana hakina mizizi ya kweli. Kina vinywele tu vya kujishikilia. Ukikuta utelezi usio na jani lolote, unaokauka kuwa gamba jeusi, huo ni mwani. Kile cha kijivu kilichojikunja kama karatasi kuukuu ni kuvumwani.

Sasa, kuna shule moja ya bweni huko nyanda za juu. Miaka mitatu mfululizo walikiparura kigoga kwa reki kabla ya siku ya wazazi, na kila mvua za Aprili zikikolea, kinarudi palepale. Wakaniita niwaletee dawa kali zaidi. Nikaomba bisibisi. Nikaidunga ardhini, haikuzama hata nusu ya kidole! Wanafunzi walikuwa wakikatiza hapo kila siku kwenda bwaloni, udongo umeshindiliwa, maji yanatuama. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa imeshushwa hadi chini kabisa ili wapumzike wiki mbili bila kukata. Upande wa mashariki, ua wa misaipresi umeziba jua lote la asubuhi. Na zile zilikuwa nyasi za Kikuyu, ambazo kwao ni huku huku kwetu na zinapenda jua tele. Zilikonda, zikaacha vipara, kigoga kikakaa palipoachwa wazi. Mniambie, kiumbe kisicho na mizizi kiliziua vipi nyasi?

Tuliwawekea wanafunzi njia ya mawe, tukapunguza ua ule, tukatoboa udongo kwa jembe uma kina cha sentimita 10 hivi, tukajaza mchanga na mboji. Wala hatukununua dawa. Nyasi zilipoanza kutambaa, kigoga kilikosa pa kukaa.

Najua kuna atakayesema: "Mzee, mimi nilimwaga chumvi na kikafa." Kilikufa, sawa. Na udongo je? Utaotesha nini hapo tena? Chumvi ibaki jikoni, tafadhali. Dawa inayofaa ni feri salfeti, yenye madini ya chuma: kigoga kinageuka cheusi baada ya siku chache, nawe unakiondoa kwa reki. Ila isiguse saruji wala vigae, itaacha madoa ya kutu. Na usipoziba pengo kwa nyasi, kitarudi tu, kwani hakina mbegu, kinazaa kwa spora, vumbi linalopeperushwa na upepo.

Chokaa, nayo! Kila mtu anamwaga chokaa kwa sababu udongo wa sehemu za majani chai una asidi. Chokaa husaidia nyasi pale asidi inapozidi, haiui kigoga. Tazama tangi lako la saruji: saruji haina asidi hata kidogo, na kigoga kimejaa ubavuni mwake. Peleka udongo ukapimwe kwanza, maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, iko pale Kabete.

Muda unaniishia. Urefu wa kukata: acha sentimita 5 hivi, hasa kivulini. Mbolea wakati wa mvua, wala si kiangazi. Penye kivuli chepesi jaribu nyasi za Pemba, zinavumilia kuliko za Kikuyu. Chini ya mparachichi uliofunga kabisa, ambako hata Pemba inakonda, kiacheni kigoga kikae. Ni kijani, hakitaki kukatwa, na kinashika udongo usichukuliwe na maji.

Haya, twendeni nje. Bisibisi ninazo nne.