Mnaoniuliza kwa nini nasoma "vijidudu" Ujerumani badala ya gesi, video yenu hii hapa

Mambo zenu jamani, karibuni. Leo sizunguki, naenda moja kwa moja kwenye lile swali maana liko chini ya kila video ninayopandisha, mpaka ile niliyopika ndizi nyama: "Dada umeenda Ulaya kusomea vijidudu vya baharini, faida yake nini, si ungesoma mambo ya gesi upate hela?" Mwingine kaandika nimekuja kula hela za wazungu kwa kuchezea mchanga. Najua nikieleza kazi yangu mtasema najisikia, nikieleza maisha mtasema nalalamika si nirudi nyumbani, basi mtanivumilia tu, leo nina yote mawili.

Kwanza sio mchanga. Ni udongo wa mfinyanzi, na ni wa kwetu, wa Kilwa, umechimbwa kwa mashine kutoka chini ardhini, una umri wa miaka kama milioni 34. Nauloweka, napitisha kwenye chekeche la maikroni 63, yaani tundu lake halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, tope linaondoka na maji, kinachobaki nakikausha namwaga kidogo kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini. Brashi yangu ncha yake ni nywele mbili tatu, naichovya maji, nagusa gamba moja la hao vijidudu, linanata, nalihamisha. Hivyo hivyo mpaka jioni, shingo imekakamaa. Lakini jamani magamba ya Kilwa yanang'aa! Unaona mpaka upande wa pili, kama chemli iliyotoka kufutwa kioo. Yale yanayotolewa vilindi vya bahari mengi yamefifia, meupe, mwanga haupiti.

Wenye magamba hayo ni foraminifera, sisi tunafupisha foramu. Viumbe wa seli moja, wengi hawafiki milimita, na hawa ninaowaongelea wanaelea baharini na kujijengea gamba la chokaa. Wana wenzao wadogo zaidi, kokolithofori, hao ni mwani, na ile miamba myeupe ya Dover kule Uingereza kwa sehemu kubwa ni vigamba vyao. Wakifa wanazama, wanarundikana, na gamba linabaki na kumbukumbu ya maji ya siku zile: oksijeni ina isotopu, yaani atomi zake zinazotofautiana uzito, nyepesi na nzito, ukipima uwiano wake unakadiria joto la bahari, boroni nayo inakupa tindikali ya maji na kupitia hapo kiasi cha hewa ya kaboni iliyokuwa angani.

Sasa sikilizeni kwa nini Kilwa. Zamani wanasayansi walikuwa na fumbo: magamba ya vilindini yalionyesha kwamba enzi za joto kali duniani, bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi wa ajabu, kitu ambacho hakiingii akilini, kompyuta zao za hali ya hewa zilikuwa zinakataa. Mwaka 2001 ikatoka makala kwenye jarida la Nature, Paul Pearson na wenzake, wametumia magamba kutoka Tanzania na sehemu nyingine yenye udongo kama huo, wakapata angalau nyuzi 28 mpaka 32. Kumbe yale ya vilindini yalikuwa yamejijenga upya kule chini kwenye maji baridi, kwa hiyo yalikuwa yanatoa joto la chini ya bahari, sio la juu. Mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji, ndio maana magamba yamebaki vile vile. Na jina la tatu kwenye ile makala ni Joyce Singano, Mtanzania, mtaalamu wa hivi hivi visukuku, wakati ule mtu wa TPDC. Shirika la mafuta, jamani! Mnaosema ningesoma gesi, hivi mnadhani anayechimba anajuaje amefika tabaka la umri gani? Anaangalia hawa hawa. Na gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 iko wilaya hiyo hiyo ya Kilwa.

Mwaka 2009 tena, magamba ya Tanzania yakatumika kukadiria hewa ya kaboni wakati barafu kubwa ya Antaktika inajengeka, miaka hiyo hiyo kama milioni 34 iliyopita, kadirio la kati ni kama sehemu 760 kwa milioni. Leo tumepita 420 na tunapanda, na bahari imeshashuka pH kutoka kama 8.2 kwenda 8.1 (pH ikishuka ndiyo tindikali inazidi), maana yake wanaojijengea kwa chokaa, matumbawe yakiwemo, wanazidi kupata tabu, na mtu wa Lindi anayeishi kwa samaki wa matumbawe hilo linamhusu kabla halijamhusu mzungu.

Haya, hela. Mkataba wangu wa PhD ni asilimia 65, yaani mshahara ni asilimia 65 ila maabara unashinda siku nzima kama wenye mia. Toa kodi, bima, dipoziti ya nyumba miezi mitatu, kuna ada ya redio na televisheni yuro 18.36 kila mwezi hata kama TV huna, halafu nyumbani napo simu zinaita. Sisemi nateseka, nasema msinihesabie.

Kinachoniuma zaidi ni makaratasi. Kibali changu cha ukaazi kiliisha nikiwa nimeshaomba kipya mapema tu, nikapewa karatasi ya muda, nikaenda uwanja wa ndege nayo, dada wa kaunta akaigeuza geuza hajawahi kuiona, anapiga simu huku na huku watu wamejipanga nyuma yangu wananiangalia kama mwizi. Kibali cha Ujerumani hakikuingizi Uingereza, na wengi walioufanyia kazi udongo huu wako Uingereza. Kulikuwa na mkutano wa watu wa foramu, wenzangu wa hapa wanakata tiketi tu, mimi nikalipa ada ya viza, benki stetimenti, barua ya profesa, jibu likaja mkutano umeshaisha. Mtu anasimama kuongelea Pande na Kilwa Masoko, huko huko kwetu Kilwa, mimi naangalia slaidi kwenye imeili. Hiyo nimelia nayo, siwafichi.

Kwa wanaouliza waje au wasije, mimi siwezi kumshauri mtu, hii ni njia yangu tu, mwenzio anaweza kupata skolashipu nzuri na ofisi isiyomsumbua. Ila kama uko jiolojia pale UDSM na unataka kujifunza kutambua foramu, niandikie inboksi, nitakuonyesha kwa video, picha ninazo nyingi, sihitaji hela yako. Viza ya Uingereza nimeomba upya, ada nimeshalipa, bado nasubiri majibu.