Kabla Hujailaumu Sheli

Mhadhara kwa madereva na wenye magari, Morogoro

Wazee wangu, shikamooni. Madereva, habari za barabarani? Mafundi nawaona mmekaa kule nyuma karibu na mlango. Msiondoke, leo sikuja kuwasema ninyi peke yenu.

Nimeombwa nizungumzie ubovu wa injini na ubora wa mafuta. Nitaanza kwa kuvitenganisha, maana siku hizi vimefungwa kifurushi kimoja. Gari likimisi, mafuta. Likikosa nguvu mlimani, mafuta. Fundi akishindwa kazi, mafuta tena, na mteja anakubali kwa sababu sheli haipo pale kujitetea. Mimi nasema mafuta mabaya yapo, ila yana alama zake. Na injini nyingi ninazozifungua zimekufa kwa joto na kwa oili, sheli haihusiki.

Tuanze na pesa, kwa sababu uchakachuaji ni biashara kwanza, ubovu wa injini unafuata. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa makusudi, ili mwenye koroboi asiumie. Wajanja wakapiga hesabu: lita ya mafuta ya taa ukiimwaga ndani ya dizeli, inauzwa kwa bei ya dizeli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, wakaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali isiyoonekana kwa macho, kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani. Mafuta ya taa hayakuwekwa vinasaba, wala yale yanayopita kwenda nchi jirani. Kwa hiyo mkaguzi akichota kwenye tangi la sheli akakuta vinasaba vimepungua, anajua kuna kitu kimeongezwa. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 na senti 30 kwa lita, wa dizeli ukashushwa. Wakenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa kila lita ya mafuta ya taa, sababu ni hiyo hiyo. Mwenye koroboi aliumia, tusifiche. Lakini faida ya kuchanganya ilipungua sana.

Sisemi uchakachuaji umekwisha. Nasema hofu yenu ina asili ya kweli, na mafundi wavivu wamejificha nyuma yake kwa muda mrefu.

Sasa alama zenyewe. Mafuta mabaya yana tarehe. Jana gari lilikuwa zima, leo umejaza, kabla hujafika mbali limebadilika. Kama tatizo limekuja taratibu kwa miezi, usiitafute sheli. Alama ya pili: mafuta mabaya hayachagui silinda. Yanapita kwenye nozeli zote, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, kwa hiyo injini nzima inalegea. Silinda moja ikimisi na tatu zikawa nzima, hiyo ni plagi, koili, nozeli au vali ya silinda hiyo. Petroli haina chuki na silinda namba mbili. (Kicheko.)

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka vibaya asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi kama petroli. Ukikanyaga mlimani utasikia injini inagonga mlio mkavu, maana oktani, yaani uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwasha, imeshuka na mchanganyiko unajiwasha wenyewe kabla ya wakati wake. Plagi zinatoka nyeusi, zina masizi. Na kuna alama moja watu hawaiangalii kabisa: chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Mafuta ya taa yasiyoungua yanateleza kwenye kuta za silinda, yanapita ringi, yanaingia kwenye oili. Ukikuta oili imepanda badala ya kushuka, ni nyepesi na inanuka mafuta, acha kuendesha. Hapo ndipo mafuta mabaya yanapoua injini kweli, kwa kupitia oili. Beringi za krenki zinazungukia kitu chepesi kisichobeba mzigo, zinalika, halafu mnasema injini imenoki, yaani imekufa, ghafla. Haikunoki ghafla.

Kwenye dizeli mambo ni tofauti, na dereva anadanganyika zaidi. Injini ya dizeli inakubali mafuta ya taa bila kelele nyingi. Inaenda. Tatizo ni kwamba pampu na nozeli za dizeli zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ule utelezi. Pick-up za kisasa zinasukuma dizeli kwa mgandamizo wa bar 1,600 na zaidi, wakati tairi lako la mbele lina bar 2 na kidogo. Chuma kinachofanya kazi kwa mgandamizo huo kikikosa utelezi kinasagika, na unga wake unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Bei ya nozeli hizo mnaijua, sitaki kumharibia mtu siku yake.

Maji ni adui wa pili, na mara nyingi hakuna aliyekusudia kuyaweka. Mvua za masika zinaingia kwenye matangi ya chini ya ardhi pale mifuniko ilipolegea. Kwenye gari la dizeli, filta ina kikombe cha kunasa maji na kizibo cha kuyatoa chini. Niambieni, ni nani hapa aliyewahi kukifungua? Naona mikono michache, na wote ni madereva wa malori. Wao wanajua.

Hapa niwaguse ndugu zangu wa teksi mnaoweka mafuta ya elfu kumi kumi, taa ya mafuta inawaka asubuhi hadi jioni. Pampu ya petroli kwenye magari mengi iko ndani ya tangi, na inapoozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Tangi likiwa kavu muda wote, pampu inafanya kazi kwenye joto. Ikifa mnasema mafuta machafu. Najua hali ya pesa, simlaumu mtu. Lakini robo tangi ikae humo kama akiba, gharama ni ile ile, unaiweka mara moja tu.

Kuhusu oktani nitapita haraka, maana kuna uzushi mwingi. Oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwasha. Haipimi usafi, wala haipimi nguvu. Petroli ya kawaida ya Japani kiwango chake cha chini ni oktani 89, na Toyota IST nyingi mlizoagiza zilikuwa zinakunywa hiyo hiyo kule zilikotoka. Chupa ya kuongeza oktani kwenye gari la namna hiyo ni kumnufaisha muuza duka. Wenye magari ya turbo au ya spoti fungueni kifuniko cha tangi msome kilichoandikwa, mfuate hicho.

Sasa mashine ya kupima. Taa ya injini ikiwaka, kijana anachomeka mashine chini ya usukani, inatoka namba, mteja anaambiwa anunue kitu. Namba ile ni kama mtoto mchanga anayelia: anakwambia kuna shida, hakwambii kama ni njaa, homa au nepi. P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. Haisemi nunua koili. Kupima koili ni kazi ya dakika chache: ihamishe uipeleke silinda ya tatu, washa, soma tena. Kama namba imegeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Kama imebaki P0301, koili ni nzima, hamishia uchunguzi kwenye plagi, kisha nozeli, kisha mgandamizo wa silinda. Haikugharimu shilingi.

Liliwahi kuletwa gari dogo la mama mmoja, linatetemeka likiwa silensa, yaani limesimama injini inazunguka bila kukanyagwa, mashine inasema P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Alikuwa ameshabadilishiwa plagi, kisha sensa ya oksijeni, kisha pampu ya mafuta. Mwishoni akaambiwa ahame sheli. Akahama. Gari likaendelea kutetemeka. Ukiifikiria namba ile unajiuliza: hewa iliyozidi inapita wapi bila kuhesabiwa? Tukafuata mipira myembamba inayotoka kwenye manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda, mmoja ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Kipande cha mpira kikabadilishwa, na mtetemo ukaisha siku hiyo. Mafundi, yule mama alikuwa amelipa pesa ya injini nzima kwa kukisia. Na aliyemkisia hakuwa mwizi, nadhani. Alikuwa anaamini mashine imemwambia.

Nije kwenye joto, na hapa nitakaa kidogo.

Mnaopanda mlima Kitonga kwenda Iringa mnajua yale magari yanayopaki pembeni, boneti wazi, dereva ana dumu la maji mkononi. Injini inapochemsha, mafuta ya sheli hayahusiki hata chembe, ila matokeo yake ndiyo yanayojaza gereji. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ya magari mengi ni ya aluminiamu, na bloku ya magari mengi ya zamani ni ya chuma. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikipata joto kupita kiasi hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili. Unaona moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Kinachozuia yote hayo ni vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni kifuniko cha rejeta. Kwenye miinuko ya Iringa maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi. Kifuniko kizima kinabana mfumo kwa mgandamizo wa bar 1 hivi, na maji yale yale sasa hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Spring yake ikilegea au mpira ukikatika, umepoteza nyuzi zote hizo. Watu wanabadilisha rejeta nzima wanaacha kifuniko cha zamani, wanarudi wiki ijayo.

Cha pili ni themostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta yakishapata moto. Nani aliwafundisha kuitoa? Fundi akiona gari linachemsha anang'oa themostati na kusema sasa maji yatazunguka vizuri. Injini imetengenezwa kufanya kazi ikiwa ya moto, na themostati nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Ukiitoa, kwenye barabara tambarare injini inabaki ya baridi, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Mwenye gari anaona mafuta yanaisha haraka. Analalamika wapi? Sheli.

Halafu maji yenyewe. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ukoko ndani ya rejeta na kula pampu ya maji. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Kama uko porini huna, weka maji ya kunywa ufike, kisha umwage uweke kulanti. Na msiamini sana mshale wa joto. Maji yakivuja yote, sensa inabaki kwenye hewa, mshale unaweza kukaa katikati injini inaungua. Ukihisi harufu tamu tamu ya kulanti au gari limekosa nguvu ghafla, simama, zima, usifungue kifuniko, usimwage maji ya baridi juu ya injini. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono.

Kuna maswali matatu nimeletewa kwenye karatasi.

La kwanza: nimejaza, gari likazima mbele kidogo ya sheli, nifanye nini? Usiendelee kupiga stata. Vuta gari. Fundi atoe mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo safi, iachwe itulie: maji yatakaa chini na utauona mstari. Tone moja kwenye karatasi nyeupe pia linasaidia. Petroli safi inakauka upesi, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Hivi si vipimo vya maabara, ni vya kukuonyesha njia. Tunza chupa ya pili iliyofungwa, tunza risiti, piga picha ya pampu, peleka EWURA. Bila risiti unabaki na hadithi. Na kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi, betri imechomolewa, pasiwe na sigara. Hapa Morogoro sina haja ya kueleza mvuke wa petroli unaweza kufanya nini, tuliona Msamvu tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka.

La pili: wameniwekea petroli kwenye gari la dizeli. Kama umegundua ukiwa bado sheli, usiwashe hata swichi, kwa sababu kwenye magari mengi swichi pekee inaanza kusukuma mafuta. Tangi limwagwe hapo hapo. Kama umeshaendesha, filta ibadilishwe na pampu ichunguzwe kabla ya kuwasha tena.

La tatu ni la mzee pale mbele: nina gari la Toyota lenye injini ya D4, kila fundi ananiambia mafuta ya nchi hii hayaliwezi, niliuze. Mzee wangu, D4 inamwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo petroli haioshi vali za kuingizia hewa kama kwenye injini za kawaida. Kaboni inajijenga mgongoni mwa vali mpaka hewa inakosa njia, silensa inayumba. Hilo linatokea hata Japani kwenye petroli safi. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kuzisafisha kwa mkono, pamoja na throto bodi. Pampu yake ya mgandamizo mkubwa ndiyo inayochukia uchafu, na hiyo inapimwa, haikisiwi. Gari umekuja nalo? Basi usiliuze leo. Tukitoka hapa tufungue boneti, na hawa mafundi waliokaa mlangoni waje waangalie pamoja nasi.